Kaseti ya Herufi I

Imelda tumemzika huko Gehandu Jumanne iliyopita. Kabla sanduku halijatolewa ndani, binti yake Neema alimwambia kijana wa spika apige zile nyimbo alizozipenda mama yake. Sisi tuliokaa kwenye mikeka tukategemea kwaya. Ikatoka sauti ya Mzungu, mwanamume, na gitaa linalojiburuza kama mtu anayelia huku anatembea. Mama mmoja pembeni yangu akaninong'oneza, akauliza kama huo ni wimbo wa Walutheri. Nikamwambia sijui. Nilijua sana. Ulipokwisha nilijua utakaofuata, na baada ya huo nilijua mwingine, mpaka wa sita, ambapo upande wa kwanza wa kaseti unaishia. Baadaye kijana wa spika aliniambia kwamba marehemu alikuwa na kikaratasi cha zamani, kile cha ndani ya kaseti, kimeandikwa majina ya nyimbo kwa mkono, na hicho ndicho walichokitumia kuzitafuta kwenye simu moja baada ya nyingine. Akasema mwandiko ulikuwa mzuri sana, wa zamani, na juu kabisa palikuwa na herufi I kubwa iliyozungushiwa maua. Mwandiko ule ni wangu. Nilikuwa na miaka kumi na saba nilipoyachora maua yale, na maua yale ndiyo yaliyonimaliza.

Nimeishia darasa la tano. Sijui kuandika kama watu wa vitabu wanavyoandika, wanaozunguka zunguka mpaka msomaji anasahau nani alimfanyia nani nini. Mimi nitataja majina. Waliohusika ni Bosco Sulle, mwenye kibanda cha kurekodi kaseti pale senta ya Tumati. Ni Kasiga, bwana mifugo, aliyeletwa na serikali kutoka mkoa mwingine, mwenye mke na watoto huko alikotoka. Ni katekista Boay. Ni Mwalimu Rehema, ambaye alijua na akanyamaza. Na ni Imelda mwenyewe, rafiki yangu, Mungu amlaze pema, lakini kufa hakufuti jambo. Mwaka ninaouandika hapa ulianza nilipopata kazi kwa Bosco na uliisha siku mtu wa kwanza aliponiitikia salamu. Kati ya hapo na hapo nilikufa nikiwa natembea.

Kibanda cha Bosco kilikuwa cha mbao, kimebanwa kati ya bucha na fundi baiskeli. Ndani palikuwa na harufu ya tindikali ya betri, kwa sababu umeme haukuwepo na redio ilitumia betri ya gari. Asubuhi za baridi, ukungu ulipokuwa unaingia mpaka mlangoni, Bosco aliweka jiko la mkaa chini ya meza, tukawa tunapata joto miguuni na maumivu kichwani. Redio ilikuwa na deki mbili. Kaseti ya kutolea nyimbo unaiweka kushoto, ya kuingizia kulia, unabonyeza kitufe chekundu. Nyimbo zenyewe zilikuwa za Kizungu, za wale Wazungu wachunga ng'ombe wenye kofia pana, kaseti ambazo Bosco aliuziwa na dereva mmoja wa misheni aliyestaafu. Sisi watu wa ng'ombe tulizipenda bila kuzielewa. Mzee alikuwa anapita na fimbo yake, anasimama, anasikiliza, anasema huyu naye amepotelewa na mfugo, kisha anaendelea na safari.

Sasa utaratibu wa kibanda kile sijauona mahali pengine. Hakuna aliyejua Kiingereza, hata Bosco, kwa hiyo huwezi kumwambia mteja chagua wimbo kwa maneno yake. Bosco alikuwa na kaunta buku lililokatwa pembeni kwa herufi, na majina yote ya nyimbo aliyapanga humo, kila wimbo kwenye herufi yake ya kwanza. Kijana akitaka kumpelekea msichana kaseti, alitaja herufi tu, ile inayoanza jina la msichana. Martha alirekodiwa nyimbo za M. Theresia za T. Hivyo jina la mtu halikuandikwa popote, na baba mtu akiikuta kaseti hawezi kumshika mwanawe kwa ushahidi. Wasichana walijua. Ukipata kaseti yote ni herufi yako, basi kuna mtu amekukusudia. Yasinta, binti wa fundi baiskeli, alionewa huruma na senta nzima kwa sababu Y ilikuwa na nyimbo mbili tu, na mchumba wake alirekodiwa hizo hizo mbili zikarudiwa pande zote, mpaka fundi akamwambia mkwe mtarajiwa kwamba afadhali angeleta mbuzi, mbuzi angalau hulia kila mara kwa namna yake. Tulicheka sana. Nilikuwa bado nacheka siku hizo.

Herufi I ilikuwa tajiri kuliko zote. Kurasa nne, pande zote mbili. Nilimuuliza Bosco kwa nini, akasema Wazungu wanaipenda, basi. Kazi yangu mimi ilikuwa kuandika vikaratasi vya ndani, na kuchora ile herufi juu yake, na kuvunja meno. Kaseti, kwa wasioijua tena, ina vijimeno viwili vya plastiki mgongoni. Ukivivunja, kile kitufe chekundu hakishuki, hakuna anayeweza kurekodi kitu kingine juu ya nyimbo zako. Bosco hakupenda tuvunje, alitaka wateja warudi na kaseti ile ile warekodiwe upya. Lakini mteja akiomba, tulivunja.

Kasiga alikuja siku ya mnada, mchana, na buti zake za josho zina matope. Kila mwenye ng'ombe Tumati alimjua kwa sauti, maana yeye ndiye aliyekuwa anaita watu kwenye josho la kuogeshea ng'ombe, sauti nzito inayovuka korongo. Akasema anataka I, pande mbili. Bosco akaniangalia, mimi nikaangalia chini. Imelda binti wa mzee Tluway tulikaa dawati moja shuleni, na wiki mbili kabla ya hapo aliniambia, tukichuma mboga, kwamba kuna mtu mzima anamsemesha na kwamba hataniambia nani kwa sababu nitamcheka. Kasiga akataka pia, mwishoni mwa upande wa pili, aongee maneno yake. Hilo lilikuwepo, vijana wengi walitia salamu. Bosco alitoka nje kuvuta sigara. Mimi ndiye niliyebonyeza kitufe, nikamwonyesha kwa kidole kwamba sasa, na yeye akaisogelea redio akasema polepole, sauti ile ile ya josho ila ameipunguza, kwamba hii ni yako, usiogope, mwezi wa sita nitakuja kwenu kuongea na mzee. Halafu akaniambia nivunje meno, isije ikafutwa. Nikavunja. Bosco aliporudi akanipa kaseti ile niipitishe kwa kina Imelda, kwa vile ni njia yangu ya nyumbani. Nikaifunga kwenye gazeti nikaipeleka. Sitakataa. Niliipeleka, na nilijua, na nilifurahi kwa ajili yake, kwa sababu nilimsikia mtu mzima akisema kwa kinywa chake kwamba atakuja kuongea na mzee.

Shangazi yake Imelda ndiye aliyeliona tumbo kabla ya mwezi wa sita kufika. Mzee Tluway alipekua nyumba nzima, akaikuta kaseti kwenye pipa la mahindi. Kwetu, binti akipata mimba bila ndoa si aibu ya nyumba yake peke yake. Wazee waliamini ardhi yenyewe inachafuka, mvua inakasirika, na binti hapaswi kujifungulia pale. Ukristo uliingia zamani Tumati, lakini jambo hili lilikaa pembeni yake bila kugombana, na katekista Boay hakuwahi kulikemea hata siku moja. Kaseti ikakabidhiwa kwake ailinde wiki nzima mpaka wazee wakae. Akaiweka kwenye sanduku la chuma la vitabu vya mafundisho, ambalo ufunguo wake aliuvaa shingoni pamoja na rozari. Kila mtu aliuona ule ufunguo.

Tulikaa Jumamosi asubuhi kwenye chumba cha mafundisho, madawati yamesukumwa ukutani. Wazee watano, katekista, mzee Tluway, Bosco na redio yake, Imelda kwenye kigoda, na mimi. Mimi niliitwa kwa ajili ya maua. Hakuna aliyehitaji kuuliza nani aliandika. Kasiga hakuitwa, maana hakuna aliyemtaja bado, na siku hiyo alisemekana yuko upande wa chini akichanja ng'ombe. Mwalimu Rehema wa shule ya msingi, mwenyeji wa pwani, Mwislamu, aliombwa aje kutafsiri Kiingereza ili wazee wajue nyimbo zile zimembembeleza binti kwa maneno gani. Alikaa amejitanda ushungi, mikono mapajani. Nyumba yake ya serikali ilikuwa ukuta kwa ukuta na ya Kasiga.

Wimbo wa kwanza ukapigwa. Mwalimu akasema huyu anasema mimi nimeketi peke yangu mahali pa pombe. Wazee wakatikisa vichwa, hilo walilielewa. Wa pili akasema huyu anasema mimi nimeuza farasi wangu. Mzee mmoja akauliza farasi ndiyo nini, akaambiwa ni kama punda ila mkubwa, akauliza sasa kwa nini aliuza. Wa tatu ulikuwa wa mtu aliyeachwa na mkewe.

"Mke aliondoka na ng'ombe, au ng'ombe walibaki?" mzee Tluway akauliza.

"Wimbo hausemi, mzee," Mwalimu akajibu.

"Basi huyo ni mjinga. Analilia mke, hataji mahari."

Kuna waliocheka, nami karibu nicheke, kwa hofu. Kisha mzee Tluway akauliza mbona kila mmoja anaanza mimi, mimi, mimi, hakuna hata mmoja anayeanza na baba yake au ukoo wake. Mwalimu akaeleza kwamba kwa Kiingereza hiyo herufi iliyochorwa juu ndiyo neno lenyewe la kusema mimi, na ndiyo maana nyimbo zake ni nyingi. Nilikuwa nimeichora mara mia bila kujua. Mzee Tluway akasema kwa Kiiraqw, lugha yetu, taratibu, kwamba sasa ameelewa, hawa ni watu wasio na wazazi, na binti yake amejifunza kwao.

Mimi nilikuwa nasubiri mwisho wa upande wa pili. Nilijiambia watasikia sauti ya josho, na kila mtu humu ndani ataijua, na mimi sitalazimika kusema lolote. Wimbo wa mwisho ukaisha. Pakawa kimya. Si kimya cha kaseti tupu, hapana, mimi nilijua vimya vyote vya kaseti. Kilikuwa kimya cha chumba. Ukasikika mlango unalia kwenye bawaba, na mtu akakohoa mara mbili. Basi. Halafu kaseti ikaisha ikajifyatua.

Nilisimama, nikasema hapo palikuwa na maneno ya mtu na yamefutwa. Nikasema mlango ule ni wa kibanda na kikohozi kile ni cha Bosco. Na Bosco, kama Mungu alivyo, akakohoa wakati ule ule pale alipokaa. Mzee mwingine akasema kikohozi hakina jina. Nikaichukua kaseti kutoka kwenye redio kabla hawajanizuia, nikawaonyesha mgongo wake. Nilikuwa nimevunja meno kwa mkono wangu, lakini sasa matundu yote mawili yalikuwa yamezibwa kwa karatasi ya gundi, ile ya kahawia ya Bosco anayofungia vifurushi, ambayo Tumati nzima hakuna mwingine aliyekuwa nayo. Nikawaeleza kwamba ukiziba matundu, kitufe chekundu kinashuka tena. Kwa hiyo mtu ameichukua kaseti hii wiki hii, amerekodi kimya juu ya maneno. Wakanitazama kama ninayewaeleza habari za mwezini. Katekista Boay akasema kaseti ilikuwa kwenye sanduku, sanduku lina kufuli, ufunguo huu hapa shingoni. Bosco akasema kwa upole, kama anayenionea huruma, kwamba hizo karatasi anazibandika kwenye kila kaseti, na kwamba kaseti ya I si ya mtu yeyote, anarekodi nyingi za kuuza tu kwa sababu ndiyo herufi yenye nyimbo.

Nilimgeukia Mwalimu Rehema. Nyumbani kwake alikuwa na redio, alirekodi kaswida zake mwenyewe, nilishamwona akivunja meno yale kwa kisu cha mezani. Alijua. Nikamwambia, "Mwalimu, waambie kama nasema uongo." Akatazama mikono yake. Akasema yeye ameitwa kutafsiri Kiingereza. Miaka mingi baadaye nilikutana naye stendi ya Mbulu, amezeeka, anasubiri gari la Babati, nikamwamkia kwa sababu ni mkubwa wangu, akanishika mkono kwa muda mrefu akasema, "Nilikuwa mgeni, Felista." Nikamwambia mimi nilikuwa mwenyeji, na haikunisaidia.

Basi nikamtaja. Nikasema aliyeagiza kaseti hii na kuongea ndani yake ni bwana mifugo Kasiga. Mzee Tluway akamuuliza binti yake swali moja tu, kaseti ulipewa na nani. Imelda hakuinua macho.

"Nilipewa na Felista."

Na ni kweli, ndilo linalouma. Hakuongeza, hakupunguza. Wakamuuliza kama anamjua Kasiga, akasema anamjua kama watu wote wanavyomjua, wa josho. Hapo nikageuka kuwa mimi ndiye niliyemuuza rafiki yangu kwa mtu nisiyetaka kumtaja, na sasa namsingizia mtumishi wa serikali. Boay akaiweka kaseti chini, akaivunja kwa jiwe la mlangoni. Kikaratasi kikabaki sakafuni. Nilimwona Imelda akiinama kukiokota akidhani hakuna anayemwangalia.

Imelda akapelekwa Gehandu, kwa ndugu wa mbali, ili asijifungulie kwenye ardhi yetu. Mimi nikatengwa. Wasiojua kutengwa wanafikiri ni kuchukiwa. Ukichukiwa mtu anakuambia. Mimi sikuambiwa neno. Nikifika kisimani, waliokuwepo waliinua ndoo zao hata kama hazijajaa wakaondoka. Moto wangu ukizimika hakuna jirani wa kunipa kaa. Nyumbani kwetu, ili na wao wasitengwe, waliniwekea bakuli langu na kijiko changu kwenye kona ya jiko, nikala makande nikitazama ukuta. Niliwasikia upande wa pili wakisimuliana habari za senta, kwamba Bosco ameongeza spika, kwamba Kasiga ameletewa pikipiki mpya, na nilitamani hata kutukanwa ili nijibu. Kitu kibaya kuliko vyote ni salamu. Huwezi kumpita mzee bila kumwamkia, mkono na mdomo vinafanya vyenyewe. Nilikuwa nasema shikamoo, na mzee anapita. Nilisema shikamoo mwaka mzima kwa migongo ya watu. Jioni nilikuwa nahesabu kichwani niliowaamkia, mpaka nikaacha.

Mwezi wa nane nilimfuata Imelda. Niliomba kupanda lori la mnada pamoja na mbuzi, dereva alikuwa wa Katesh, hakujua habari zangu. Nilichotaka ni kitu kimoja. Nilitaka Imelda arudi mbele ya wazee wale aseme jina. Jina moja, basi, na mimi ningeweza kuchota maji na watu. Nilimkuta kwenye kibanda cha udongo nyuma ya boma la wenyeji wake, anachambua maharage, tumbo limefika juu, miguu imevimba. Chumba kilikuwa na kitanda cha fito, na ndama mmoja aliyefungwa upande wa pili kwa ajili ya joto. Alinipikia ugali na maziwa mgando, akaniwekea sahani moja na yeye, tukala mkono kwa mkono. Hakuna aliyekuwa amekula nami sahani moja tangu mwezi wa tano. Alikuwa anaimba chini chini, bila maneno, na nikatambua ni wa tatu wa upande wa kwanza, wa yule mjinga asiyetaja mahari.

Nikamwambia lililonileta. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaendelea kutenga maharage mabovu pembeni.

"Nikimtaja watamfukuza kazi," akasema. "Akifukuzwa, atakuja na nini?"

"Imelda, alisema mwezi wa sita. Nilikuwepo, nilibonyeza mimi. Mwezi wa sita umepita."

"Alisema mwezi wa sita, Feli. Hakusema wa mwaka gani."

Nilimwangalia usoni nione kama anatania. Hakuwa anatania. Nikamwambia kwamba yeye ana mtu wa kumsubiri, mimi sina hata mtu wa kuniitikia shikamoo. Akasema wewe watakusamehe, wewe huna tumbo, likipita hili watasahau. Nikasema basi niandikie kwenye karatasi, nitaificha mpaka ujifungue. Akakataa kwa kichwa. Akanishika goti na mkono wake wenye vumbi la maharage, akaniomba nisikasirike, na akaniuliza kama njiani nimemwona Kasiga, na kama amekonda. Niliondoka bila kuaga wenyeji wake. Kosa hilo nalikubali.

Kasiga alihamishwa kabla ya mwaka kuisha. Wakamfanyia sherehe ya kumuaga hapo hapo senta, nikasikia nyimbo nikiwa nimekaa kona yangu ya jiko. Imelda alijifungua mtoto wa kike, akaolewa huko huko Gehandu na mzee mwenye wake wengine, hakurudi Tumati hata siku moja. Kutengwa kwangu hakuna aliyetangaza kwamba kumekwisha. Siku moja tu, baada ya mavuno, bibi mmoja mwenye macho mabovu aliitikia marahaba kabla hajanitambua, halafu akaona haya kuirudisha, na wengine wakamfuata polepole. Hakuna aliyesema samahani. Hakuna kijana wa Tumati aliyenichumbia, maana binti wa kaseti nani atamweka ndani, na mwishowe nikaolewa mbali, Nambis, na mgane ambaye hakuuliza maswali. Nimelima, nimezaa, nimezika mume. Bosco ana duka la simu Katesh, amenenepa. Nikienda Tumati kwenye misiba, wanawake wa rika langu bado wanawaambia wakwe zao, kwa sauti wanayodhani siisikii, kwamba yule ndiye aliyempeleka Imelda.

Sasa nirudi kwenye msiba. Baada ya mazishi Neema alinikuta nyuma, kwenye jiko la msiba, nasugua masufuria kwa majivu. Ana miaka kama thelathini, ana sauti nzito kwa mwanamke. Akachuchumaa, akachukua sufuria moja akaanza kusugua na yeye.

"Mama mdogo," akasema, "baba yangu ni nani?"

Nilisubiri swali hilo tangu kabla hajazaliwa, na sasa lilipokuja niliiweka sufuria chini. Nikamwambia. Nikamtajia jina lake lote, kazi yake, mkoa aliotoka, buti zake, na maneno aliyoyasema kwenye kaseti, neno kwa neno. Hakushtuka. Akasuuza sufuria, akaigeuza kifudifudi.

"Mama alinitajia huyo huyo nikiwa darasa la tano," akasema. "Nilitaka kujua kama na wewe utasema hivyo hivyo. Aliniambia nisitamke Tumati. Aliniambia wewe ni mvumilivu."

Miaka ishirini. Alikuwa amelisema jina kwa mtoto, jikoni, na akaishia hapo. Nilikaa chini kabisa kwenye majivu. Nilimwambia Neema kwamba mimi sikuvumilia, mimi nilifungiwa, na kwamba kuna watu wa Tumati wamekaa hapo nje sasa hivi, watapanda gari muda si mrefu, na kama ana deni lolote kwa mama yake basi asilipe kwa jina langu. Nilisema kwa ukali. Alikuwa amemzika mama yake saa mbili zilizopita na mimi nilimsemesha hivyo. Akafuta mikono kwenye kanga, akaniambia twende.

Waliotoka Tumati walikuwa kama kumi, wengi wanawake, wamekaa kivulini pembeni ya turubai wanamalizia wali. Katikati yao, kwenye kiti cha plastiki, alikuwa katekista Boay. Anakaribia miaka tisini, sikio moja halisikii kabisa, mikono imebaki mifupa. Neema akapiga magoti mbele yake, akaamkia, kisha akasema kwa sauti ile yake, wote wakaacha kula, kwamba yeye ni mtoto wa marehemu, na kwamba marehemu mwenyewe alimwambia baba yake ni bwana mifugo Kasiga, na Felista hakuhusika kwa lolote zaidi ya kutumwa.

"Nani?" mzee akauliza, akigeuza sikio zuri.

"Kasiga, babu. Wa josho."

Uso wake ukafunguka. Nilidhani ataona aibu, nikajiandaa kumsamehe au kutomsamehe, sijui. Lakini alikuwa anafurahi, kama mzee anayetajiwa rafiki wa zamani.

"Kasiga," akasema. "Huyo alikuwa mtu mwema sana. Mwaka ule ng'ombe wangu wanne walilala chini, akaja nyumbani kwangu asubuhi, akawachoma sindano wote wakasimama. Hakutaka hata kuku. Aliniomba tu ile kaseti, siku moja, na kesho yake akanirudishia, nzima kabisa."